Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Shule na Bodi: Mangungo Hakusaini Mwaka 1890

Kwa Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
na Mwalimu wa Taaluma.

YAH: UFUNDISHAJI WA SOMO LA HISTORIA, KIDATO CHA TANO NA CHA SITA

Shikamooni walimu wangu, shikamooni wazazi wangu.

Mimi ni kijana niliyemaliza kidato cha sita Mei mwaka huu, tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), katika shule mnayoiongoza. Jina la shule sitaliandika, wala majina yenu. Mkisoma mtajijua, na nahisi wapo wakuu wa shule nyingine watakaodhani barua hii ni yao.

Kabla ya kuja hadharani nilibisha hodi ndani. Oktoba tulitia karatasi kwenye sanduku la maoni, lile ambalo kufuli lake limeshika kutu. Novemba tulikwenda wanne kwa Mwalimu wa Taaluma. Alitusikiliza kwa upole akasema atalifikisha. Februari tuliiandikia Bodi barua, tukaipitisha kwa kiranja mkuu. Jibu lilitufikia mstarini asubuhi, kwa mdomo, mbele ya shule nzima: kwamba kuna watu wa sanaa wanataka kuwafundisha walimu kufundisha. Shule ikacheka. Na mimi nilicheka, maana ningefanya nini?

Sasa nimeshamaliza, cheti hakinisubiri tena ofisini kwenu, na wadogo zangu wanaingia kidato cha tano. Ndiyo maana naandika. Malalamiko yangu ni haya.

1. Desa lenye makosa, na makosa yanayopewa vema

Kwa miaka miwili sikukabidhiwa kitabu cha Historia hata siku moja. Tulisomea desa: kurasa mia na kitu, kopi ya kopi ya kopi, herufi za pembeni zimemezwa na mashine, na hakuna anayejua nani aliliandika. Ukishalipa steshenari umesoma Historia.

Desa hilo linasema Chifu Mangungo wa Msovero alisaini mkataba na Carl Peters, yule Mjerumani aliyekuja kujitafutia koloni, mwaka 1890. Walimu wangu, Mangungo aliweka alama yake kwenye karatasi ya Peters tarehe 29 Novemba 1884, huko Usagara. Mkataba wa 1890 ni wa Heligoland. Huo Waingereza na Wajerumani waliuwekeana wao kwa wao wakigawana maeneo, na hakukuwa na Mangungo pale wala Mwafrika mwingine yeyote. Nadhani zamani sana mtu alikuwa ananakili usiku, akaruka mstari. Si dhambi. Dhambi ni kwamba mstari ule umerukwa na kila aliyekuja baada yake.

Kwenye mtihani wa utimilifu niliandika 1884. Karatasi iliporudi nikakuta duara jekundu, na pembeni yake 1890. Jirani yangu aliyeandika 1890 alipata vema. Nilimfuata mwalimu ofisini, nikamweleza kwa adabu. Akafungua droo, akatoa desa, akaliweka mezani, akaniwekea kidole pale: "Si hapa pameandikwa?"

Pameandikwa, ndiyo. Lakini hili ni somo ambalo kazi yake ya kwanza ni kuuliza nani kaandika, lini, na kajuaje. Kwenye Fizikia mwanafunzi akikataa jibu la kitabu anaambiwa arudie jaribio. Sisi tuliambiwa tusome palipoandikwa. Na mkumbuke kuwa kutoka Novemba 1884 mpaka 1890 ni miaka karibu sita, na ndani ya miaka hiyo kuna Mkutano wa Berlin, kuna meli za kivita za Wajerumani kutia nanga Zanzibar Agosti 1885 mpaka Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, akalegeza madai yake ya bara, kuna Bushiri bin Salim kuwapiga Wajerumani vita pwani mpaka akanyongwa Pangani Desemba 1889. Ukimpeleka Mangungo 1890 umevuruga yote hayo. Anakuwa anauza nyumba ambayo wapangaji wameshaingia.

2. Pointi sita

Nadhani hapa ndipo penye kidonda chenyewe, kwa hiyo mnivumilie nikikaa kidogo.

Kwetu insha ya Historia ni utangulizi, pointi sita, hitimisho. Ukiwa na pointi tano umekosa moja hata kama tano zako zina uzito wa gunia. Ukiwa na sita ambazo huwezi kuzitetea wewe ni kipanga. Usiku bwenini tulikuwa tunasikilizana kama watoto wa chuo wanaopokezana aya: "Sababu sita za kushindwa Maji Maji?" "Silaha duni, kukosa umoja, imani ya maji..." Asubuhi ungetuuliza Maji Maji ilianzia wapi, nusu ya darasa wasingekutajia Nandete, kule Umatumbi, ambako Julai 1905 watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima.

Chukueni neno moja tu: njaa. Katika desa letu njaa iko chini ya orodha ya athari za vita. Pointi ya tatu, mistari miwili, tunapita. Lakini Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula kwa makusudi, ili watu waishiwe nguvu za kupigana, na njaa hiyo ikaua wengi kuliko risasi. Sasa hiyo ni athari au ni silaha? Kama ni silaha, si inabidi ihamie kwenye sababu za kushindwa? Na ikihamia huko, "imani ya maji", yaani kwamba dawa ya maji ingezuia risasi, inabaki na uzito gani? Niliuliza hivyo darasani. Nikaambiwa nitawachanganya wenzangu, mtihani umekaribia.

Mwalimu wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vipindi vya kidato cha pili, cha nne, cha tano na cha sita, na akirudi nyumbani na madaftari yetu mia na ushee ya kusahihisha, kuhesabu pointi ni haraka kuliko kusoma hoja. Namwelewa. Ninaowalalamikia ni ninyi mliopanga ratiba hiyo.

Tena ninajua kwamba inawezekana kufundisha vingine, kwa sababu nimeona. Tukiwa kidato cha tano alikuja mwalimu wa mafunzo kwa vitendo, kijana wa chuo, akakaa wiki chache. Siku moja aliingia na karatasi moja tu, akatugawia kila madawati mawili nakala moja. Ilikuwa tafsiri ya mkataba wenyewe wa Mangungo. Akasema: leo hakuna notisi, leo tunasoma hii, na kila mtu aje na swali.

Dakika themanini zile ndizo ninazozikumbuka kuliko miaka yote miwili. Rafiki yangu mmoja, ambaye kwa kawaida hunyamaza, ndiye aliyeona kwanza kwamba karatasi inamwita Mangungo Sultani. Sultani wa Msovero! Tumezoea kumwita chifu. Kwa nini Peters ampandishe cheo? Tukabishana mpaka mwingine akasema: maana asiyekuwa mtawala kamili hana nchi ya kumpa mtu, karatasi ilimhitaji awe Sultani ili sahihi yake iwe na thamani Ulaya. Kisha tukaja kwa mkalimani. Alimwambia nini mzee yule, urafiki au kugawa ardhi? Nani shahidi wetu kwa upande wa Msovero? Hayupo. Mashahidi wote wamo ndani ya mkoba wa Peters.

Baada ya hapo tulirudi kwenye desa, na pointi inayosema Afrika ilitawaliwa kwa sababu ya "ujinga wa watawala wa Kiafrika". Walimu wangu, pointi hiyo imeandikwa kwa macho ya Peters. Mtoto wa Kitanzania anaikariri, anaiandika kwa kalamu ya bluu, anapewa vema. Mitaani nako tunatukanana kwa jina la yule mzee. Mtu akiingia mkataba mbovu tunamwita Mangungo. Kipindi kimoja chenye karatasi moja kilitosha kutufanya tuone haya.

Kijana yule aliporudi chuoni, karatasi zile zilikusanywa. Sijui ziko wapi.

3. Pepa ya pili inayoanza tukiwa tumeshachoka

Mtihani una pepa mbili, za saa tatu kila moja. Ya kwanza inahusu Afrika, ya pili inahusu dunia: kuinuka kwa ubepari na demokrasia Ulaya, Mapinduzi ya Viwanda, mdororo wa uchumi wa 1929, vita vya dunia na mengine. Kwetu pepa ya pili ilianza Januari ya mwaka wa mtihani. Mapinduzi ya Ufaransa tuliyamaliza kwa usiku mmoja kambini, kuanzia saa mbili hadi saa tano, mwalimu akiwa na mafua.

Baadaye nilisoma mwenyewe, kwa kitabu cha kuazima, kwamba kabla ya bunge la Mei 1789 mfalme Louis XVI aliruhusu watu wa kila jimbo waandike madaftari ya malalamiko yao, mpaka wanakijiji waliosumbuliwa na kodi ya chumvi. Maelfu ya madaftari hayo bado yapo. Niliposoma hivyo nilikumbuka sanduku letu la maoni. Simtishi mtu, nacheka tu.

4. Lugha

Najua lugha ya kufundishia sekondari haipangwi na Bodi ya shule, kwa hiyo siwaombi mkaibadilishe. Nalalamikia jambo ambalo ni lenu kabisa: kuadhibiwa kwa kuzungumza Kiswahili tukiwa kwenye vikundi vya kujadiliana. Mwalimu mwenyewe akitaka tuelewe anageukia Kiswahili, kisha anaandika ubaoni kwa Kiingereza. Sisi tukifanya vilevile jioni chini ya mti tunafagia uwanja.

Matokeo yake mtu anaelewa kitu vizuri, lakini kwa kuogopa anakariri sentensi ya Kiingereza ya desa, na siku ya mtihani swali likigeuzwa kidogo sentensi ile haifiti. Niliona wenzangu wenye akili kunizidi wakianguka kwa namna hiyo.

Kuna kinachoniuma zaidi. Vita vya Wajerumani na watu wa Mrima, yaani pwani yetu, vina shahidi aliyeandika kwa Kiswahili: Hemedi bin Abdallah, mwanachuoni wa pwani, aliyevitungia utenzi mzima. Ni sauti ya upande wetu, ya zama zilezile, kwa lugha tunayoota nayo. Kwa sheria ya shule yenu, tukiusoma kwa sauti kikundini tunaandikwa majina.

5. Maktaba

Ipo. Imefungwa. Hufunguliwa wakaguzi wakija.

Mtakayosema

Mtasema mtihani wa taifa ndio unaotaka pointi. Nimekusanya maswali ya miaka iliyopita kadiri nilivyoweza na kuyasoma moja moja. Mengi yanasema jadili, tathmini, thibitisha kwa mifano. Sikuona swali linaloomba kutathmini bila kuruhusu kutathmini. Mtahiniwa anayeweza kueleza kwa nini njaa ilikuwa silaha hakosi cha kuandika. Anayejua sita tu za desa hukwama pale swali linapomwambia apinge.

Mtasema matokeo yetu ni mazuri. Ni kweli, si mabaya, nami mwenyewe sitegemei kufeli. Lakini wapo tuliowaona wakienda chuo kusoma Historia na divisheni wani, wakaandikiwa kwenye kazi ya kwanza "ushahidi uko wapi?", wakashangaa kama wameulizwa kwa Kigiriki. Kaka yangu ni mmoja wao. Ndiye aliyeniambia nisiliamini desa.

Mtasema fedha hakuna. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Karatasi moja ya mkataba, nakala ishirini, haizidi gharama ya vitafunwa vya kikao kimoja cha Bodi. Kufungua mlango wa maktaba kunahitaji ufunguo, nao upo.

Mtasema pia, japo si kwa maandishi, kwamba sanaa ni ya waliokosa sayansi. Tulilisikia hilo siku ya kwanza kabisa ya kidato cha tano, ukumbini, tukiwa bado na mabegi mkononi. Sitalijibu.

Ninachoomba

Kwanza, idara ya Historia ilipitie desa ukurasa kwa ukurasa kabla kidato cha tano kipya hakijafika Julai, makosa yasahihishwe, na mwanafunzi atakayegundua kosa jingine ashukuriwe badala ya kuwekewa duara jekundu. Mangungo arudishiwe 1884 yake.

Pili, kipindi kimoja kwa wiki, kimoja tu, kisomwe chanzo badala ya notisi: mkataba, barua, utenzi, picha, hotuba. Azimio la Arusha la Februari 1967 lipo kwa Kiswahili na kila mtu analitaja, lakini katika darasa letu hakuna aliyekuwa ameliona kwa macho.

Tatu, katika kusahihisha insha za ndani, alama zigawanywe ili hoja na ushahidi viwe na fungu lao. Hata theluthi ingetosha kuanzia.

Nne, pepa ya pili ianze kidato cha tano, sambamba na ya kwanza. Na kama mwalimu ni mmoja, apunguziwe vipindi vya madarasa ya chini. Hili ni la Bodi, maana najua Mkuu wa Shule peke yake hawezi kuajiri.

Tano, maktaba ifunguliwe saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni siku za shule. Wanafunzi wa kidato cha sita tulijitolea kuisimamia kwa zamu; karatasi ya majina ilikuwemo kwenye barua ya Februari.

Sita, vikundi vya kujadiliana viruhusiwe kutumia Kiswahili bila adhabu. (Naona nimefika sita. Miaka miwili si mchezo.)

Na la saba, ambalo halimo kwenye muhtasari wowote. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walitumwa vijijini kusini kuwahoji wazee waliokumbuka Maji Maji. Walikuwa vijana tu, wenye daftari na kalamu, na waliyoyaandika yanatumiwa na wanahistoria mpaka leo. Wale wazee hawapo tena. Lakini kuzunguka shule yetu wapo wazee waliohamishwa nyakati za Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, miaka ya 1973 hadi 1976, na wengine wanauza mboga pale getini kila Jumamosi. Kwenye desa uhamisho ule una faida sita na hasara sita. Yule mama anayeuza mchicha aliniambia siku moja kwamba kwao walipakizwa kwenye lori na kuku wakabaki, na kwamba hospitali ya kwanza aliyoiona maishani aliikuta huko walikoshushwa. Faida na hasara vyote vilikuwa kwenye lori moja. Naomba kila mwanafunzi wa kidato cha tano amhoji mzee mmoja, aandike kurasa tatu, na kurasa hizo zitunzwe maktabani.

Naomba majibu yenu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo kabla ya kidato cha tano kuripoti, kwa maandishi, yenye tarehe na sahihi. Kama kuna nililokosea, hata tarehe moja, nisahihishwe hapohapo ubaoni na chanzo kikitajwa. Nitakuja kusoma mwenyewe na nitakiri.

Kwa mwalimu wetu wa Historia: samahani kama barua hii imekugusa. Ulitufundisha ukiwa umechoka, na ulitufundisha kila siku. Ile karatasi yangu ya utimilifu ninayo bado, na duara lake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhitimu wa kidato cha sita, HGL

Nakala:
Wazazi wa kidato cha tano na cha sita
Kiranja mkuu, kwa ajili ya ubao wa matangazo